Wimbo Mmoja, Maonyesho Manne

Mlangoni mwa ukumbi, Dallas, kila mtu alitumbukiza simu yake kwenye kifuko cha kitambaa kigumu. Mhudumu akakifunga kwa sumaku na kukurudishia, ukawa unatembea na simu isiyokufaa kitu. Bendi haikutaka mtu arekodi. Katikati ya onyesho walikuwa wakipiga wimbo mpya wa dakika ishirini na tatu, ambao haukuwa kwenye albamu yoyote, na kiongozi wao alisema jukwaani kwamba huenda wasiurekodi kabisa. Ungepigwa kwenye ziara hii tu, kisha basi. Watu wakashangilia kana kwamba wamepewa zawadi. Mimi nilitoa daftari kwenye mfuko wa koti, maana daftari hakuna aliyeniambia nilifungie.

Nilikuwa nimeshaamua kuuandika wimbo huo wote kwa nota kabla bendi haijaondoka Texas.

Wanaposema nota wengine hufikiria mistari mitano na vichwa vyeusi vinavyopanda na kushuka. Hizo siwezi kuzisoma. Njombe nilikokulia, kwaya zinasoma herufi: d, r, m, f, s, l, t. Nukta mbili hutenganisha pigo na pigo, kistari huvuta sauti, mstari wa wima hufunga kipimo. Mwalimu wetu wa kwaya aliweza kuandika wimbo wa sauti nne nyuma ya kalenda ya mwaka uliopita, na Jumapili ukaimbwa. Shule niliiacha kidato cha pili, lakini nota nilikuwa nimeshazijua, kwa sababu zilifundishwa jioni kanisani na hakuna aliyekurudisha nyumbani kwa kukosa viatu. Dada yangu alikaa benchi la mbele, upande wa alto. Mimi nilikaa nyuma nikiwachokoza wa besi.

Dada huyo sasa ni muuguzi, anaishi Cedar Hill, na bado anaongoza alto katika kwaya ya usharika wetu wa Kiswahili. Ana nyumba yenye bustani na watoto wanaomjibu kwa Kiingereza. Mimi nina chumba Vickery Meadow, karibu na kituo cha treni, na nimebadilisha kazi mara nyingi kuliko yeye alivyobadilisha mapazia. Nimeosha vyombo. Nimekamata kuku kwenye mabanda ya mashariki ya Texas. Nimebeba makochi ya watu wanaohama. Siku hizi ninaendesha gari la kuwapeleka wagonjwa kwenye kliniki za kusafisha figo, kazi ninayoipenda kwa sababu kila abiria ana habari zake na mimi ni mtu wa kuuliza.

Kwenye makochi ndiko nilikoupatia muziki huu. Mzee mmoja alikuwa akihama, ana masanduku kumi na moja ya sahani za santuri, mazito kama matofali. Nilimuuliza muziki gani una uzito huu. Badala ya kunijibu aliifungua mashine ambayo tulikuwa tumeshaifunga kwa blanketi, akaweka sahani moja. Ilikuwa roki, ile wanayoiita progresivu, lakini sikuweza kuipigia mguu. Kila nilipodhani nimeishika, pigo moja lilikuwa limepungua au limezidi. Mwenzangu alikuwa nje akipiga honi ya lori. Mimi nilikaa sakafuni hadi upande mzima ukaisha. Walikuwa wakihesabu saba. Tangu siku hiyo, miaka sita sasa, sijaacha kusikiliza.

Dada hakuamini kwamba nimedumu na jambo lolote kwa miaka sita.

"Wewe ulianza Kispania ukaacha," aliniambia nilipomweleza kuhusu daftari. "Ukaanza kunyoa watu nywele, ukaacha. Leseni ya lori uliifikia wapi?"

"Mtihani wa pili."

"Mtihani wa pili. Kati ya mingapi?"

"Mitatu."

"Haya. Na wimbo huu utaufikisha dakika ya ngapi?"

Hakusema kwa ubaya. Ndivyo alivyonijua. Lakini niliondoka kwake nikijua kwamba safari hii lazima nimletee kitu chenye mwanzo na mwisho, na kwamba nina maonyesho manne ya kukipata: Dallas siku ya Alhamisi, Fort Worth Jumamosi, halafu wiki inayofuata Houston mara mbili, Ijumaa na Jumapili. Baada ya hapo bendi ingepanda ndege kwenda Ulaya, na mimi siwezi kuwafuata huko.

Dallas nilipata mwanzo. Kinanda kinaanza peke yake, saba, saba, saba, halafu dramu zinaingia kama mtu aliyechelewa ibada na hataki kuonekana. Niliandika bila kutazama karatasi. Kesho yake asubuhi, nikiwa nimeegesha gari nje ya kliniki nikimsubiri mgonjwa wangu wa kwanza amalize, nilinakili upya kwa mwandiko unaosomeka huku nikiimba kwa mdomo uliofungwa. Kurasa nne. Fort Worth nilikuwa nimeshaujua mwanzo, kwa hiyo niliuacha upite, nikaweka nguvu zote kwenye sehemu ya katikati, ile ndefu ambayo gitaa linapanda polepole na watu wote ukumbini wanafumba macho. Kurasa tano nyingine. Nilikuwa ninatembea juujuu. Kama mtu angeniuliza wakati huo mimi ni nani, ningesema mimi ni mwandishi wa nota, na kuhusu gari la wagonjwa ningetaja baadaye.

Jumanne nilimpelekea dada kurasa tisa. Alikuwa ametoka shifti ya urefu wa saa kumi na mbili, miguu kwenye beseni la maji ya moto yenye chumvi.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Lete hizo karatasi, na usini-rush."

Alianza kuimba. Hivyo tu, kwa kuona, kama anavyosoma orodha ya dawa. Kurasa nne za kwanza ziliteleza. Saba hazikumtisha; alizipiga kwa kidole gumba ukingoni mwa beseni. Nilisikia muziki wangu, yaani wao, ukitoka kwenye kinywa cha dada yangu sebuleni Cedar Hill, na nilitamani mzee wa masanduku angekuwepo. Halafu akafika ukurasa wa tano akaanza kusuasua. Alirudia. Alirudia tena. Akaziweka karatasi magotini.

"Hii inanikataa mdomoni."

"Ni muziki mgumu. Ni watu wa ajabu hawa."

"Si watu wa ajabu. Fe hii hapa. Fe hii. Fe tena. Mtu gani anaishi kwenye fe?"

Fe ni fa iliyopandishwa nusu. Katika nyimbo zetu hutokea mara moja, kama pilipili, halafu unarudi. Mimi nilikuwa nimeijaza kurasa tano.

Dada alifumba macho, akaimba sauti mbili tatu chinichini, kisha akatikisa kichwa. "Do imehama," alisema. "Wao wamehama nyumba zamani, wewe bado umekaa unalinda kuta. Hiyo so yako hapo juu ndiyo do. Ukiiita do, fe yako inakuwa ti, na kila kitu kinakaa."

Nilibisha. Nilibisha kwa muda mrefu kuliko ilivyofaa, kwa sababu nilikuwa nimeshaelewa kwamba yuko sahihi. Nyimbo tulizofundishwa utotoni zilikaa kwenye do moja kuanzia aya ya kwanza hadi amina. Do ilikuwa kama nguzo ya kanisa. Hakuna aliyewahi kutuambia kwamba nguzo inaweza kuchukuliwa na kusimikwa mahali pengine wimbo ukiwa unaendelea. Yeye alikuja kujifunza baadaye, kwenye semina za walimu wa kwaya, wakati mimi nilikuwa nimeshaingia barabarani.

"Basi kurasa tano zimekufa," nilisema.

"Hazijafa. Zinahitaji majina mapya. Sauti umezisikia vizuri, zote. Masikio yako hayana shida."

Kisha akauimba ukurasa wa tano kwa majina mapya, na lile gitaa lililofumbisha watu macho Fort Worth likawa so, la, ti, do. Mtoto wa shule ya Jumapili angeweza. Niliona aibu, na wakati huohuo nilifurahi kuliko siku yoyote ya wiki ile, kwa sababu nilikuwa nimegundua walichokuwa wakifanya. Walikuwa wanapiga kitu chepesi kabisa, ila wanahamisha ardhi chini yake.

Jumatano, Alhamisi, kati ya mgonjwa na mgonjwa, nilifuta na kuandika upya. Do ilihama mara tatu. Kila ilipohama niliweka nota moja yenye majina yote mawili, jina la nyumba ya zamani na jina la nyumba mpya, kama dada alivyonionyesha, ili mwimbaji apite bila kujikwaa. Mama mmoja niliyekuwa ninampeleka Garland aliniuliza kama ninasomea mtihani. Nilimwambia ndiyo.

Ijumaa tuliteremka Houston pamoja. Dada alikuwa na siku tatu za mapumziko, na rafiki yake wa tangu chuo cha uuguzi, anayeishi Stafford, alikuwa amejifungua, kwa hiyo alikwenda kumtunza mzazi. Alipakia sufuria ya mtori ikiwa imevingirishwa taulo, akaikalisha kwenye kiti cha nyuma na kuifunga mkanda. Njia nzima alilala. Mimi nilihesabu.

Kilichobaki kilikuwa mwisho, dakika nne hivi. Na mwisho ndio ulionishinda. Gitaa linapiga saba, gitaa la besi linapiga tano, kwa wakati mmoja, kila moja likiwa na wimbo wake. Nikishika la juu, la chini linanitoroka. Nikishuka kulifuata la chini, la juu limeshafika mbali. Ijumaa ile nilijaza nusu ukurasa na kuufuta wote. Wimbo ulipokwisha watu walisimama kupiga makofi, mimi nikabaki nimekaa, penseli mkononi.

Jirani yangu wa kulia alikuwa Mzungu wa makamo, ndevu nyeupe hadi kifuani, fulana ya bendi iliyofuliwa hadi ikawa kijivu. Aliniambia hilo ni onyesho lake la sita katika ziara hii, halafu akainama kutazama daftari.

"Wewe ni mpelelezi wa bendi nyingine?"

"Ninaandika wimbo."

"Kwa lugha gani hiyo?"

"Do, re, mi. Kama shuleni."

Aliuchunguza ukurasa wangu wa kwanza. Kidole chake kikapita juu ya nukta mbili moja baada ya nyingine, na nikaona midomo yake inahesabu. Alipofika saba alicheka kwa furaha kama mtu aliyekutana na wa kwao ugenini. "Mimi nimehesabu hizi saba maisha yangu yote," alisema, "na sijawahi kuziona." Aliniuliza kama nitakuwepo Jumapili. Nilimwambia nitakuwepo. Akasema ana tiketi moja ya ziada, kiti cha karibu yake, kwa sababu mke wake ametangaza kwamba mara mbili zinamtosha hadi kaburini. Kama nina mtu, nimlete.

Jumamosi asubuhi, jikoni Stafford, dada alikuwa akimwogesha mtoto kwenye beseni juu ya meza. Nilimweleza habari za saba na tano. Nilimwambia nimefika mwisho wa uwezo wangu, kwamba nitaandika sauti ya juu peke yake na itatosha.

"Kwaya gani uliwahi kuona mtu mmoja anakamata sauti zote?"

"Dada, mimi niko mmoja."

"Tulivyoiba ule wimbo wa wenzetu wa ng'ambo ya mto, tulikwenda wangapi?"

Nilikuwa nimesahau. Kwaya za kwetu zilikuwa zikiibiana nyimbo. Kwaya jirani ikileta wimbo mpya kwenye mashindano, na nota zake wamezificha, mlituma watu wanne wakae kati ya wasikilizaji kama wageni wa kawaida: mmoja anakamata soprano, mmoja alto, mmoja tenor, mmoja besi. Kila mmoja anasikiliza sauti yake tu, mengine anayaacha yapite. Baadaye mnakutana nyuma ya jengo na kuunganisha kabla hamjasahau. Dada ndiye aliyekuwa mwizi wetu wa alto, na alikuwa hatari. Aliwahi kukamata aya tatu huku akimpakata mtoto wa mtu mwingine.

"Kuna kiti," nilisema.

"Nimesikia. Ni saa ngapi?"

"Saa kumi jioni. Lakini ni roki, dada. Kuna kelele."

"Mimi ninafanya kazi wodi ya dharura."

Rafiki yake, mzazi, alikuwa amelala kwenye kochi akitusikiliza. Alituambia tufanye mazoezi palepale. Tukapiga meza: mimi saba, dada tano, tukianza pamoja. Mara ya kwanza tulivurugana. Mara ya pili vilevile, na mzazi akacheka hadi akashika tumbo akilalamika kwamba mshono unauma. Mara ya tatu tuliendelea, kila mmoja na lake, mimi saba mara tano, yeye tano mara saba, na kwenye pigo la thelathini na tano mikono yetu iligonga meza pamoja. Mtoto aliyekuwa anakaribia kulia akanyamaza. Sikuwahi kufika darasa la hesabu linaloeleza kwa nini, lakini nilijua kwamba pale ndipo pa kushonea. Kila thelathini na tano tungekutana, na kama hatujakutana, mmoja wetu amekosea.

Jumapili dada alitoka ibada moja kwa moja, gauni la kitenge na kilemba chake, akaingia ukumbi wa roki katikati ya fulana nyeusi. Watu walimpisha njia kama mama mchungaji. Yule mwenye ndevu alisimama, akamwonyesha kiti. Dada alimshukuru, akakaa, akatoa kalamu mkobani, na wakati wa nyimbo za kwanza alikaa tu kwa adabu mikono imekunjwa, kama tunavyosikiliza kwaya ya wageni.

Wimbo wetu ulipoanza aliegemea mbele. Saba za mwanzo alizitambua, nikaona kidole gumba kinapiga paja. Do ilipohama mara ya kwanza alinitazama, nyusi juu. Ilipohama ya pili hakunitazama tena. Alikuwa ameshaondoka na muziki. Na ulipofika mwisho, alitia kidole kwenye sikio la upande wa spika, kama anavyofanya altoni anapotaka kujisikia, akafungua karatasi, akaanza kuandika besi.

Sikumwangalia. Nilikuwa na saba zangu. Nilifika thelathini na tano ya kwanza, nikahisi kiwiko chake kinanigusa ubavuni. Palepale, kwenye pigo lenyewe. Thelathini na tano ya pili, kiwiko. Ya tatu. Nilianza kuandika kwa kasi ambayo mkono wangu hauijui, na sikuogopa, kwa sababu kila nilichokiacha kilikuwa na mtu wa kukishika. Tuligusana viwiko mara tisa. Halafu ala zote zikashuka pamoja kwenye sauti moja ndefu na ikabaki hapo, inatetemeka, hadi ikazimwa, na watu wakasimama.

"Mapigo kumi na moja," nilimwambia dada sikioni, nikichora vistari vya kuvuta ile sauti.

"Kumi na mbili."

"Kumi na moja, dada. Nimehesabu."

Yule mwenye ndevu alikuwa akipiga makofi. Hakuelewa Kiswahili, lakini aliona vidole vyetu vinabishana. Alisimamisha makofi, akanyoosha vidole kumi, kisha viwili.

Dada akamwinamishia kichwa kwa heshima. Nikaongeza kistari.

Tuliunganisha kwenye ukumbi wa nje, karatasi mbili juu ya kizingiti cha dirisha, jua la Houston likituchoma migongo kupitia kioo. Watu walipita na vifuko vyao kwenda kufunguliwa simu. Nilinakili sauti ya juu, dada akanakili ya chini chini yake, mstari kwa mstari, na kila thelathini na tano mistari yetu ilisimama wima pamoja. Hapakuwa na pengo. Kurasa kumi na nne, na ya mwisho ina mistari miwili ya wima mwishoni, ile minene inayomwambia mwimbaji kwamba hapa wimbo umekwisha. Niliichora taratibu. Nilikuwa sijawahi kuchora mistari hiyo maishani mwangu. Najua ni mistari tu. Lakini nilitamani kalamu iwe nene zaidi.

Tulimuaga mzazi wa Stafford, tukaianza barabara ya kaskazini jua likiwa bado juu. Dada alipanga karatasi zote mapajani, akarudi ukurasa wa kwanza. Karatasi ya nota ina desturi yake: juu kushoto unaandika do ni ipi, juu kulia unaandika jina la aliyeandika, kwa sababu ukikuta kosa lazima ujue pa kwenda kuuliza. Kushoto nilikuwa nimeandika. Kulia nilikuwa nimepaacha.

"Hapa mbona patupu?"

"Wimbo si wangu."

"Wimbo si wako. Nota ni za nani?"

Nilipunguza mwendo. Kulikuwa na lori mbele. Nilisikia akitafuta mkobani, akaipita penseli, akatoa kalamu ya wino anayojazia mafaili ya wagonjwa. Akaandika majina yangu yote matatu, kwa herufi kubwa, kama yalivyo kwenye cheti cha ubatizo. Akapulizia wino ukauke.

"Shika saba," alisema. "Alto sina humu, nitaimba besi."